Mifano ya Magari

Ukipita siku ya Jumamosi katika vijia vya Machame, Kibosho au Marangu, huenda ukakutana na mvulana apigaye mbio huku ameshika ufito mrefu, na mbele yake motokaa ndogo ya waya inakwenda. Watu wazima wengi hawaitazami mara mbili. Lakini ukisimama na kuichungua, utaona kwamba aliyeifanya amefikiri sana.

Waya huokotwa penye ua uliobomoka, na bati hukatwa katika kopo kuukuu. Magurudumu hutoka katika soli za kandambili zilizokwisha. Wadogo hukata vipande vya mgomba, navyo hunyauka siku ya pili. Kazi iliyo ngumu ni usukani. Ufito hufungwa kwa waya uendao hata ekseli ya mbele, ili mvulana akizungusha duara lililo mkononi mwake, magurudumu ya mbele yageuke. Asiyejua kuufunga vema huona gari lake likiishia mferejini.

Basi, apendaye kazi hii kwa kweli hatosheki na gari liendalo tu. Ataka lifanane na lile kubwa. Hapo ndipo hesabu inapoanza. Twaeni mfano wa gari la moshi. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka wa 1893 ilifika Moshi mwaka wa 1911, na Arusha mwaka wa 1929. (Wala mji haukupata jina kwa moshi wa gari hilo, maana jina la Moshi lilikuwako tangu zamani za Mangi Rindi.) Upana wa reli hiyo, toka chuma hiki hata hiki, ni mita 1. Mvulana akitaka kufanya mfano wa 1 kwa 20, ataweka sentimita 5 kati ya vyuma vyake. Na behewa la mita 12 atalifanya la sentimita 60. Akikosa kufuata kipimo kimoja kila mahali, atapata kitu chenye kichwa cha tembo na miguu ya mbuzi.

Huko Ulaya wako watu wazima, hata wazee, wafanyao kazi hii maisha yao yote. Kipimo wakipendacho wengi ni 1 kwa 87, nao huweka milimita 16 na nusu kati ya vyuma. Zidisheni, mtapata kama milimita 1,435. Huo si upana wa reli ya Moshi. Ni upana wa reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria toka Dar es Salaam hata Dodoma mwaka wa 2024. Kwa kipimo hicho, reli ya Moshi yapasa kuwa milimita 11 na nusu tu.

Sasa liko jambo moja ambalo mfano hauwezi kulisema, na wengi hudanganyika nalo. Tuseme lori zima lina uzito wa tani 8. Mfano wake wa 1 kwa 20, uliofanywa kwa vitu vile vile na kwa ukamilifu, utakuwa na uzito gani? Wengi watajibu kilo 400. Sivyo. Urefu umepunguzwa mara 20, upana mara 20, na kimo mara 20. Na 20 mara 20 mara 20 ni 8,000. Lori lile litakuwa na uzito wa kilo 1! Ndiyo sababu gari la waya likianguka toka juu ya ukingo, mvulana huliokota, hunyosha waya mmoja, akaendelea na safari yake.

Lori la kweli si hivyo. Likishuka toka Marangu limejaa ndizi, kila mara dereva akanyagapo breki, mwendo ule hugeuka kuwa joto. Akizidi kukanyaga, breki hushika moto na nguvu zake hupungua. Kwa hiyo dereva mwenye akili huingiza gia ndogo kabla ya kuanza mteremko, ili injini yenyewe ilizuie gari, na breki huziweka akiba.

Nalisema hili kwa ajili ya wale wajengao vigari vya mbao na kuvipanda. Aliyezoea kulisimamisha gari la waya kwa unyayo hudhani atafanya vivyo hivyo na kigari kilichochukua watoto watatu. Unyayo hautoshi. Watu wa Goma, katika Kongo ya mashariki, wanazo baiskeli za mbao ziitwazo chukudu, wazichukuliazo mizigo mizito ya viazi na makaa. Hao hupigilia kipande cha mpira wa tairi juu ya gurudumu la nyuma, na mwenye kushuka hukikanyaga ili kiisugue mbao. Pigilieni nanyi kama huo, kisha mkijaribu kwanza penye mteremko mfupi wa nyasi, mbali na barabara ya malori.