KUZIOKOA BARUA PEPE ZA ZAMANI BAADA YA KUHAMIA KOMPYUTA MPYA

Mtu anapohama ofisi hubeba kabati lake la majalada, na barua zilizomo ndani husafiri nalo. Anapohama kompyuta mambo hayawi hivyo. Programu ya barua huwekwa upya katika mashine mpya, jina na neno la siri huandikwa, barua za leo huanza kuingia, lakini zile za miaka kumi iliyopita hazionekani. Aghalabu mwenyewe huamini kwamba zimepotea. Mara nyingi hazijapotea, bali zimebaki mahali ambapo hakujua kwamba ndipo zilipokuwa zikikaa. Hata hivyo, zikitafutwa kwa pupa, au mashine ya zamani ikisafishwa na kuuzwa mapema, zinaweza kupotea kweli.

Hasara yake si ndogo. Katika shule nyingi barua pepe zimekuwa ndiyo kumbukumbu ya makubaliano na wauzaji wa vitabu, ya orodha za alama na ya mawasiliano na wazazi. Kwa mtafiti ni vipimo alivyotumiwa na wenzake. Kwa mwanafunzi ni barua ya kukubaliwa chuoni. Kwa nyingi kati ya hizo hakuna nakala ya karatasi. Kwa hiyo inafaa kueleweka barua pepe hukaa wapi hasa, maana njia ya kuiokoa hutegemea jambo hilo moja.

Taratibu mbili za kuchukua barua

Mwaka 1971 mhandisi wa Kimarekani, Ray Tomlinson, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET, akatumia alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la mashine. Kompyuta za wakati huo zilikuwa kubwa na zilitumiwa na watu wengi kwa pamoja. Barua za kila mmoja zilikaa katika mashine hiyohiyo, na aliyetaka kuzisoma aliziendea huko.

Kompyuta ndogo za mtu binafsi zilipoenea katika miaka ya 1980, hali ilibadilika. Mashine ya nyumbani huzimwa usiku, ilhali barua huweza kufika saa yoyote. Ikalazimu pawepo kompyuta isiyozimwa, iitwayo seva, ya kupokea barua na kuzitunza mpaka mwenyewe azitake. Taratibu mbili za kuzichukua zilibuniwa. Ya kwanza, POP, ilielezwa mwaka 1984, na toleo lake la tatu likatoka mwaka 1988. Ya pili, IMAP, ilianzishwa mwaka 1986 na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford.

Tofauti yake inaeleweka kwa mfano wa sanduku la posta. Utaratibu wa POP ni kama tarishi wa shule afunguaye sanduku, akatoa barua zote na kuzipeleka ofisini. Baada ya hapo sanduku ni tupu, na barua ziko katika kabati la ofisi tu. Utaratibu wa IMAP ni kama mtu azisomaye barua zake palepale posta, akaondoka na nakala huku barua zenyewe zikibaki kwa karani. Akizihitaji tena, hata akiwa na mfuko mwingine, atazikuta.

Basi aliyetumia IMAP, au aliyesoma barua zake kwa kivinjari cha intaneti, hana cha kubeba. Akiiunganisha kompyuta mpya na seva ileile, barua zitashuka zenyewe. Aliyetumia POP yuko katika hali nyingine. Programu nyingi zilizotumia POP zilifuta barua kwenye seva mara baada ya kuzipakua, au baada ya siku kadhaa, isipokuwa mwenyewe alikuwa ameagiza ziachwe. Barua zake za zamani zimo ndani ya diski ya mashine ya zamani na huenda haziko popote pengine.

Kipimo cha kwanza, kwa hiyo, ni chepesi: kufungua kisanduku kwa kivinjari, bila kupitia programu yoyote ya barua. Barua zikionekana humo, ziko kwenye seva. Zisipoonekana, hapana budi kuirudia diski ya zamani.

Ghala lenyewe lilivyo

Ndani ya diski, barua haikai ikiwa ukurasa mmoja mmoja wenye picha na rangi. Hukaa katika mafaili, na kila programu ina desturi yake.

Umbo la kale na sahili kuliko mengine huitwa mbox. Barua zote za folda moja huandikwa mfululizo katika faili moja la maandishi. Kila barua huanza kwa mstari wenye neno la Kiingereza From na nafasi baada yake. Mstari huo ndio mpaka kati ya barua na barua. Programu ya Thunderbird, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004, hutumia umbo hilo kwa kawaida. Faida yake ni kwamba hata programu ikitoweka duniani, faili la mbox linaweza kufunguliwa na chombo chochote cha kusomea maandishi.

Outlook Express, iliyotumiwa sana katika kompyuta za Windows XP kuanzia mwaka 2001, iliweka kila folda katika faili lenye jina linaloishia na .dbx. Programu hiyo haiendelezwi tena, na mafaili yake huhitaji kugeuzwa umbo kabla ya kusomwa leo. Outlook ya maofisini nayo huweka barua, anwani na kalenda pamoja katika faili moja la .pst. Mafaili ya .pst ya umbo la zamani yalikuwa na kikomo cha gigabaiti 2, na yalipokifikia yaliweza kuharibika. Toleo la mwaka 2003 lilileta umbo jipya lenye nafasi kubwa zaidi.

Lipo pia faili la .ost, ambalo huwapotosha wengi. Hilo ni kivuli cha barua zilizo kwenye seva, nalo hufungamana na akaunti iliyolitengeneza. Kulinakili katika mashine nyingine kwa kawaida hakusaidii. Kinachotakiwa ni kuiunganisha mashine mpya na akaunti yenyewe.

Sababu nyingine ya barua kuachwa nyuma ni kwamba mafaili hayo hayakai mahali ambapo mtu huweka nyaraka zake. Katika Windows, ghala la Thunderbird limo ndani ya folda ya mtumiaji iitwayo AppData, ambayo mfumo huificha ili isiguswe ovyo. Mtu akinakili folda ya nyaraka na ya picha peke yake, huamini amebeba kila kitu, kumbe barua zake zimebaki.

Hatua za uokoaji

Kwanza, kompyuta ya zamani isisafishwe, isiuzwe wala isigawiwe mpaka kazi iishe.

Pili, programu ya barua ifungwe, kisha ghala zima linakiliwe katika diski ya nje. Faili linalonakiliwa huku programu ikiendelea kuandika ndani yake huweza kufika likiwa na kasoro. Kuanzia hapo majaribio yote yafanywe katika nakala, na ghala la asili liachwe kama lilivyo.

Tatu, nakala hiyo iingizwe katika mashine mpya. Iwapo programu ni ileile, kwa kawaida inatosha kuweka ghala mahali pake au kuielekeza programu lilipo. Iwapo programu ni tofauti, IMAP yaweza kutumika kama daraja: katika kompyuta ya zamani akaunti huunganishwa kwa IMAP, folda za zamani huburutwa hadi kwenye seva, na kompyuta mpya huzishusha kutoka huko. Inafaa kuangalia nafasi kabla ya kuanza, maana seva nyingi huweka kikomo.

Nne, hesabu ihakikishwe. Idadi ya barua katika kila folda ilinganishwe kati ya mashine mbili. Ifunguliwe barua ya zamani kuliko zote, na vifunguliwe viambatisho kadhaa. Orodha ya vichwa vya barua si uthibitisho, kwa kuwa vichwa huweza kuonekana huku miili ya barua haikufika.

Ikiwa mashine ya zamani haiwaki, si lazima barua ziwe zimekufa nayo. Aghalabu kilichoharibika ni kipashio cha umeme au kioo, na diski ni nzima. Fundi huweza kuitoa na kuiunganisha na kompyuta mpya kwa kifaa cha USB. Lakini diski iliyofungwa kwa siri ya BitLocker haitasomeka bila ufunguo wake, na ule wa kurejesha una tarakimu 48. Ufunguo huo hutakiwa uwe umehifadhiwa mapema, nje ya mashine yenyewe.

Barua zilizofutwa

Kufuta si sawa na kuchoma. Katika mbox, barua iliyofutwa hutiwa alama tu na kuacha kuonekana. Maandishi yake hubaki ndani ya faili mpaka programu ilibane faili hilo ili kupunguza nafasi. Kabla ya kubanwa, barua hiyo yaweza kupatikana.

Hali kadhalika, faili zima likifutwa katika diski ya sumaku, mfumo huandika tu kwamba nafasi yake iko wazi. Yaliyomo hudumu mpaka yaandikwe mengine juu yake. Ndiyo sababu mtu aliyefuta ghala kwa bahati mbaya anashauriwa aache kuitumia mashine mara moja, na asiweke programu ya uokoaji katika diski hiyohiyo. Katika diski za kielektroniki zisizo na sehemu zinazozunguka, matumaini ni madogo zaidi. Mfumo huiarifu diski ni sehemu zipi hazihitajiki tena, nayo huweza kuzisafisha muda mfupi baadaye.

Jambo hili lina upande wake wa pili. Anayeuza kompyuta baada ya kufuta barua kwa njia ya kawaida huenda anamkabidhi mnunuzi barua zake zote. Kazi ikishahakikiwa, diski ya zamani isafishwe kikamilifu.

Kinga

Seva nazo si kinga timilifu. Mwezi Februari 2011 kasoro ya programu iliondoa barua katika akaunti za takriban asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail. Google walizirejesha kutoka katika tepu za sumaku, kwa kuwa tepu hizo hazikuwa zimeunganishwa na mfumo, na kasoro haikuzifikia. Funzo lake ni wazi: nakala inayobadilika kila ile ya asili inapobadilika haiwezi kuitwa akiba. Barua ikifutwa katika simu iliyounganishwa kwa IMAP, hufutika pia kwenye seva na katika kompyuta.

Akaunti nazo hufungwa. Anwani ya chuo huweza kuzimwa baada ya mwanafunzi kuhitimu, na tangu mwaka 2023 utaratibu wa Google unaruhusu akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 kufutwa. Wataalamu hupendekeza nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja kati yake ikiwekwa mahali pengine. Kwa shule, hilo laweza kuwa ghala katika kompyuta ya ofisi, nakala katika seva, na diski ya nje ifungiwayo kabatini katika jengo jingine na kufanywa upya kila muhula.

Zoezi kwa wanafunzi

Mwanafunzi ajitumie barua yenye picha ndogo, aihifadhi kama faili la .eml, kisha alifungue kwa chombo cha kusomea maandishi. Atakuta mistari inayoanza na neno Received. Akiisoma kutoka chini kwenda juu ataona njia iliyopitiwa na barua. Chini zaidi atakuta fungu refu la herufi zisizosomeka, nalo ndilo picha yenyewe, iliyoandikwa kwa mtindo wa Base64. Mtindo huo hugeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4, kila herufi ikichaguliwa kati ya alama 64. Akokotoe: picha ya baiti 3,000,000 itachukua herufi ngapi? Kisha aeleze kwa nini ghala la barua hujaa upesi kuliko jumla ya picha zilizotumwa.