Mtoto anaposhindwa sataranji na kete zake bado zipo

Chukulia mfano huu. Ni jioni ya Julai, Iyunga jijini Mbeya, na baridi imekaza. Baba na binti yake wa darasa la sita wako sebuleni, ubao wa sataranji, au chesi kama wengi wanavyoiita, uko juu ya stuli. Binti anahesabu kete. Wako sawasawa.

"Baba, mbona hujanizidi hata kete moja lakini sina pa kwenda?"

Hapo ndipo watoto wengi hukata tamaa. Hawaoni kosa walilofanya, wanaona tu kwamba mzazi ni mkubwa na anajua zaidi.

Wacheza drafti wa vijiweni wanaifahamu hali hiyo: mtu anabanwa taratibu, kete anazo, lakini kila anayoisogeza inaliwa. Kwenye sataranji, kubanwa huko hutokana na faida ndogondogo. Farasi aliye katikati ya ubao anaweza kuruka kwenye miraba minane. Aliye kwenye kona ana miwili tu. Ngome iliyo kwenye njia wazi ina nguvu kuliko iliyofungiwa nyuma ya askari wake. Na askari harudi nyuma, hivyo akisogezwa kwa pupa, sehemu aliyokuwa akiilinda hubaki wazi. Kila jambo peke yake ni dogo. Yakikusanyika, mpinzani anakosa pumzi.

Wilhelm Steinitz, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1886, ndiye aliyelifundisha hili waziwazi: kusanya faida ndogo kwanza, kisha shambulia. Desemba 2021 mjini Dubai, Magnus Carlsen wa Norway alionyesha maana yake. Baada ya sare tano mfululizo, alimbana Ian Nepomniachtchi wa Urusi kwa hatua 136, karibu saa nane mezani, hadi akashinda. Hakujawahi kuwa na mchezo mrefu kuliko huo katika kuwania ubingwa wa dunia.

Mfano wa jirani ni Phiona Mutesi wa mtaa wa Katwe, Kampala. Alifika kwa mwalimu Robert Katende akifuata kikombe cha uji, akabaki kujifunza. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji nchini Urusi.

Je, mchezo huu utampandishia mtoto alama za hesabu? Mzazi asinunue ubao kwa tumaini hilo. Utafiti uliofanywa katika shule 100 za msingi nchini Uingereza, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2016, haukuona tofauti katika hesabu mwaka mmoja baada ya watoto kufundishwa sataranji.

Faida iliyo mikononi mwa mzazi ni mazungumzo yanayofuata mchezo. Mtoto akishindwa, usimwambie "umeshindwa, tulale". Rudisheni kete hatua kama kumi nyuma, umuulize: "Kete yako ipi hapa haina kazi?" Swali hilo linamtoa kwenye aibu na kumrudisha kwenye kufikiri. Usimwachie ushindi wa uongo pia, maana watoto hugundua. Ukitaka kusawazisha nguvu, anza mchezo bila malkia wako.

Na saa ya kulala iheshimiwe, hata kama mchezo umenoga. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Ubao unaweza kusubiri hadi kesho, kete zikiwa palepale.

Sebuleni Iyunga, baba anarudisha kete moja moja. Binti anatazama, kisha anagusa farasi wake aliyejikunyata pembeni.

"Huyu hapa, baba. Nilimsahau tangu mwanzo."

"Basi kesho tuanze na huyo."