Deni la Kadi na Njia ya Mapatano

Wahenga walisema kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Aliyewahi kuishi Uingereza akiwa na kadi ya mkopo mfukoni anaielewa vyema maana ya maneno hayo. Kadi ya kwanza ya namna hiyo nchini humo, Barclaycard, ilitolewa na benki ya Barclays mwaka 1966. Tangu hapo kipande hicho kidogo cha plastiki kimeingia katika nyumba za matajiri na za wavuja jasho, wakiwamo jamaa zetu waliohamia huko kutoka Kenya, Tanzania na Uganda. Kwa kadi hiyo mtu hununua leo kwa fedha ambazo bado hajazipata. Harusi ndiyo hiyo. Matanga huja baadaye, kazi inapokwisha au maradhi yanapobisha hodi.

Ndugu msikilizaji, tuchukue mfano. Mtu ana kadi tatu. Katika ya kwanza anadaiwa pauni 4,000, katika ya pili pauni 2,500, na katika ya tatu pauni 1,500. Jumla ni pauni 8,000. Tuseme riba ni asilimia 24 kwa mwaka, yaani kama asilimia 2 kwa mwezi. Riba peke yake basi ni pauni 160 kila mwezi. Mtu huyu, akishalipa kodi ya nyumba, chakula, umeme na nauli, hubakiwa na pauni 160 tu. Akizitoa zote, deni halipungui hata peni moja. Atalipa mwaka huu, atalipa mwaka ujao, na pauni 8,000 zitakuwa pale pale zikimngoja. Huyu si mlaghai wala si mvivu. Analipa, lakini malipo yake humezwa na riba.

Hapo ndipo yanapoingia mashirika ya hisani ya kuwasaidia wadaiwa. Shirika la Citizens Advice lilianza mwaka 1939, vita vilipozuka. Shirika ambalo leo linaitwa StepChange lilianzishwa mwaka 1993 kwa jina la Consumer Credit Counselling Service, likabadili jina mwaka 2012. Mashirika haya hayamtozi mdaiwa ada yoyote. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha za StepChange hutolewa na wadai wenyewe. Msikilizaji ataona ajabu: kwa nini mwenye kudai amgharimie mshauri wa anayedaiwa? Jibu ni kwamba mdai naye hupiga hesabu. Kumfuata mtu mahakamani ni gharama, na kuwauzia wakusanyaji deni lililoshindikana huleta bei ndogo. Kidogo kinachofika kila mwezi ni afadhali kuliko kingi kisichofika kamwe.

Kazi ya mshauri huanza kwa kuorodhesha mapato na matumizi yote ya nyumba. Tangu mwaka 2017 pana taarifa ya fedha ya namna moja ambayo washauri na wadai wengi huitambua, hivyo mdaiwa hana haja ya kubishana na kila benki juu ya bei ya mkate. Kisha madeni hupangwa kwa uzito wake. Kodi ya nyumba, kodi ya halmashauri, umeme na gesi hutangulia, kwa sababu kutolipa hayo huweza kumtoa mtu nyumbani au kumweka gizani. Deni la kadi hufuata nyuma, hata kama mwenye kudai ndiye anayepiga simu kwa ukali kuliko wote.

Kinachosalia hugawanywa kwa haki, kila mdai kwa kadiri ya deni lake. Katika mfano wetu, zile pauni 160 zitagawanywa pauni 80, pauni 50 na pauni 30. Pamoja na malipo hayo, wadai huombwa wasimamishe riba. Wakikubali wote, deni lile lile ambalo lisingekwisha milele litakwisha kwa miezi 50. Fedha ni zile zile. Kilichobadilika ni mapatano.

Ipo pia suluhu ya mara moja. Tuseme mdaiwa yule amepata pauni 4,000 kwa mkupuo. Anaweza kumtolea kila mdai nusu ya deni lake, yaani pauni 2,000, pauni 1,250 na pauni 750, na kuomba salio lisamehewe. Mdai halazimiki kukubali. Akikubali, ni lazima atamke kwa maandishi, kabla ya kupokea fedha, kwamba deni limekwisha na salio halitadaiwa na yeye wala na mwingine. Ahadi ya simu haitoshi. Tena, kumbukumbu za mikopo zitaonyesha kwamba deni lililipwa kwa sehemu, na alama ya kushindwa kulipa hukaa humo miaka 6.

Tusidanganyane kwamba njia hii haina miiba. Mpango wa malipo ya kila mwezi ni hiari, si amri ya sheria. Mdai anaweza bado kwenda mahakamani. Ndiyo sababu, tangu Mei 2021, sheria ya England na Wales humruhusu mshauri kumwombea mdaiwa siku 60 za kupumua, ambamo riba nyingi na hatua za kudai husimamishwa. Zipo pia kampuni zinazotoza ada kwa kazi ambayo mashirika ya hisani huifanya bure. Mwenye deni asiongeze deni kwa kutafuta nafuu.

Adui mkubwa kuliko riba ni aibu. Wapo wanaotuma fedha nyumbani kila mwezi huku barua za benki zikilundikana bila kufunguliwa, kwa sababu hawataki ndugu wajue. Lakini mficha maradhi kilio humfichua. Dawa ya deni ni kulipa, na mwanzo wa kulipa ni kuzifungua zile barua na kuketi na mtu anayejua hesabu, kabla riba haijamaliza kila kitu.