Thieta ya Kigoma: Kisu Peke Yake Hakitoshi

Je, wajua kwamba katika Hospitali ya Mkoa ya Kigoma, Maweni, vifo vya uzazi vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya 1984 na 1991? Dkt. Godfrey Mbaruku aliyaeleza hayo pamoja na Staffan Bergström katika makala ya 1995. Mpango wao wa kupunguza vifo hivyo ulikuwa na mambo 22, na mengi yalikuwa ya kawaida kabisa: damu ya akiba, matengenezo ya vifaa, kutengeneza dripu hapo hapo hospitalini. Waliangalia hata wahudumu muhimu wanaishi umbali gani. Mama akiletwa saa nane usiku huku mtoa dawa ya usingizi amelala ng'ambo ya mji, thieta hiyo ina faida gani?

Kwanza, ujue upasuaji upi hufanyika wapi. Zahanati haifanyi upasuaji mkubwa. Kituo cha afya kilichoboreshwa kinaweza kumzalisha mama kwa upasuaji, na kwa mtu wa vijiji vya kando ya ziwa kama Kalya au Mwamgongo, ambako safari mara nyingi hutegemea boti na hali ya maji, huo ni msaada mkubwa. Ngiri, busha na kidole tumbo ni kazi za hospitali ya wilaya. Yanayozidi hapo huenda Maweni, na yanayoishinda Maweni hupewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando jijini Mwanza au ya Muhimbili.

Wengi hudai daktari bingwa hata pasipo haja. Utafiti uliochapishwa 2009, uliofanyika Mwanza na Kigoma, ulilinganisha upasuaji wa uzazi wa madaktari wasaidizi na ule wa madaktari wenye shahada. Haukuona tofauti ya maana katika matokeo. Kuliko cheo cha daktari, mimi ningejali zaidi kifaa kidogo kinachobana kidole cha mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi. Mwanga wake hupenya nyama ya kidole na kupima oksijeni ndani ya damu. Ikianza kupungua, kengele hulia kabla midomo haijabadilika rangi.

Kwa hiyo, ukipangiwa upasuaji unaoweza kusubiri, usikimbilie kusaini fomu ya ridhaa. Uliza nani atakupa dawa ya usingizi na atakuwa nawe mpaka uzinduke. Uliza kama damu ya kundi lako ipo; kama haipo, ndugu wakachangie mapema. Na mwambie muuguzi ukweli kuhusu ulichokula: chakula husimamishwa angalau saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, uji ukiwemo.