Kunguni Kwenye Mzigo: Usimtumie Mteja Kitu Ambacho Hajaagiza

Leo naongelea kitu ambacho wengi tunakionea aibu, ila mimi kimenila hela na mteja, acha niseme tu.

Nauza mashuka na mapazia ya mtumba mtandaoni. Stoo yangu ni chumba hiki hiki ninacholala. Mwaka jana dada mmoja wa Mbagala alichukua mashuka manne. Baada ya wiki akanitumia picha ya mkono wa mtoto, vipele vimejipanga mstari. "Kaka, umeniletea kunguni." Nikabisha, nikamwambia labda ni mbu. Usiku nikawasha tochi ya simu, nikafunua pembe ya godoro langu. Jamani! Walikuwepo. Nikarudisha hela na kuomba msamaha, lakini hajanunua tena kwangu. Waliingia na balo au walitoka kitandani kwangu wakahamia kwenye mzigo, kwa mteja haina tofauti.

Kunguni haji kwa sababu ya uchafu. Paris mwaka 2023, mwaka mmoja kabla ya Olimpiki, walizua taharuki mji mzima, na Paris sio uswahilini. Anachotaka ni damu na sehemu ya kujificha. Hana mabawa, anasafirishwa na mizigo, yaani na sisi. Jike linataga mayai mamia maishani mwake, na mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo kufungia balo wiki mbili hakusaidii kitu.

Haijathibitika kwamba anaambukiza watu magonjwa kwa kuuma. Ila muulize mama ambaye watoto wanajikuna usiku kucha mpaka vidonda, asubuhi wanasinzia darasani.

Ninachofanya sasa: balo nafungulia nje, sio chumbani. Nakagua mishono na pindo, natafuta vidoa vyeusi kama vya wino, maganda, na vijiyai vyeupe. Kinachowaua kweli ni joto. Kitambaa kinachohimili nafua kwa maji ya moto ya nyuzi 60, halafu napiga pasi, nikikaza kwenye mishono. Kuanika juani peke yake usiamini, wanahamia upande wenye kivuli. Kilichokaguliwa kinaingia kwenye mfuko wa plastiki, nafunga, na hakigusi kitanda tena.

Sasa hapa kwenye dawa tuelewane. Kunguni wengi wameshazoea dawa za kupuliza za kawaida, ndio maana unapuliza leo, wiki ijayo wamerudi. Watu wakikata tamaa wanachukua dawa ya shambani wanamwagia godoro, au vidonge vya kuhifadhia mahindi wanaviweka chumbani. Vile vidonge vinatoa gesi inayoua binadamu, na inapenya hadi chumba cha jirani. Usithubutu, hata kama fundi amekuhakikishia.

Na kama umepanga, ongea na majirani na mwenye nyumba. Nilihangaika peke yangu miezi miwili, kumbe wanapita kwenye nyufa za ukuta. Tulivyofanya vyumba vyote vitano siku moja, tukarudia baada ya wiki mbili kwa ajili ya mayai yaliyoanguliwa, ndio nikalala.

Mteja akikulalamikia, usibishe kama mimi. Simamisha oda zote siku hiyo, kagua, halafu mjibu.