Lushoto: Mji Unaonyweshwa na Msitu Wake

Mji wa Lushoto umejengwa katika bonde la Milima ya Usambara Magharibi, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Msafiri anayepanda kutoka Mombo huacha nyuma joto la nyika, akapita kando ya maporomoko ya maji ya Soni, na baada ya kilometa zipatazo 30 za kona na makorongo hupokewa na baridi, ukungu na harufu ya misitu. Wageni huja kuyatazama hayo kwa siku mbili au tatu. Kwa mkazi wa Lushoto, mambo hayo ndiyo yanayomwezesha kulima, kunywa na kuishi hapa.

Milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima mikongwe inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu, na unapogonga milima hii hupanda, hupoa na kuwa ukungu na mvua. Miti ya asili huunasa ukungu huo kwa majani yake, nayo mizizi na mboji huyapokea maji na kuyaachilia polepole kwenye chemchemi. Hivyo mito huendelea kutiririka hata miezi ambayo mvua haijanyesha. Maji ya mto Soni hushuka hadi Mombo, wilayani Korogwe, ambako wakulima wa mpunga huyatumia kwa umwagiliaji.

Juu ya mji upo msitu wa Magamba, ambao leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 9,000. Humo wamo mbega weusi kwa weupe, na humo umo mkulo, mti ambao jina lake la kisayansi hubeba jina la Usambara. Kwa kuwa misitu ya Tao la Mashariki imetengana na misitu mingine kwa muda mrefu mno, wapo ndege, vinyonga na mimea isiyopatikana kwingineko duniani. Ua dogo la zambarau linalopandwa kwenye vyungu majumbani Ulaya na Marekani lina asili ya Usambara na maeneo ya jirani ya Tanga. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, mnamo mwaka 1892, na jina la kisayansi lililotolewa mwaka uliofuata, Saintpaulia, lilitokana na jina lake.

Kabla ya ukoloni, nchi hii ilikuwa ufalme wa Wakilindi wenye makao makuu Vuga. Masimulizi ya Washambaa yanamtaja Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, aliyewaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, na hatimaye akafanywa mtawala. Chini ya Kimweri ye Nyumbai, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mamlaka ya Vuga yalifika hadi pwani. Mfalme alipimwa kwa mvua na mavuno. Kishambaa kina maneno mawili ya kupimia jambo hilo: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuiponya nchi.

Wajerumani walipoitawala nchi walivutiwa na hali ya hewa ya bonde hili. Wakajenga makao ya utawala na kuyaita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na biashara ya mbao ikapata njia. Huko Shume ilijengwa njia ya kamba za waya ya kuteremshia magogo hadi Mkumbara, penye reli. Baada ya Waingereza kuchukua utawala, jina la Lushoto ndilo lililobaki. Baadhi ya majengo ya enzi hizo yangali yamesimama mjini.

Udongo wa miteremko ulipoanza kuchoka, Waingereza walianzisha mpango wa kuuhifadhi, kwanza Mlalo mwaka 1946, kisha katika maeneo mengine ya Usambara. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta, na aliyekaidi aliadhibiwa. Kazi ilikuwa nzito na faida haikuonekana shambani. Wananchi wakaupinga mpango huo hadi ukaachwa miaka michache kabla ya Uhuru.

Kuanzia mwaka 1981, mradi wa Tanzania na Ujerumani uliojulikana kama SECAP ulikuja na njia nyingine. Mkulima alishauriwa kupanda majani ya guatemala na miti ya mgrevilea kwa kufuata mikinga ya mteremko. Majani yaliushika udongo na papo hapo yakawa malisho ya ng'ombe wa maziwa aliyefungwa bandani. Samadi ikarudi shambani, na miti ikatoa kuni na mbao. Mistari ya majani na migrevilea ni mandhari ya kawaida katika mashamba ya wilaya hii. Udongo ulikuwa uleule na miteremko ileile; safari hii mkulima aliyefanya kazi ndiye aliyeona faida yake.

Somo hilo lina uzito hata leo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika wilaya ya mabonde membamba, mita 60 zinaweza kuwa ndiyo bustani nzima ya mboga ya familia. Kwa sababu hiyo, sheria peke yake haitoshi. Kamati za mazingira za vijiji na kata, pamoja na maofisa ugani, ndizo mahali pa kuzungumzia miti rafiki wa maji, malisho na mazao yanayoweza kumlinda mkulima na chemchemi kwa pamoja.

Majengo ya kale nayo yanahitaji uangalizi. Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hupata ulinzi huo pale yanapotangazwa rasmi. Majengo ya enzi ya Wajerumani ni ya baada ya mwaka huo, hivyo usalama wa mengi hutegemea uamuzi wa wenye nayo. Mmiliki anayekusudia kubomoa au kubadili jengo la aina hiyo anashauriwa kuonana kwanza na ofisi za ardhi na utamaduni, kwani ukuta wa mawe ukishabomolewa haurudi.

Wafalme wa Vuga, wakoloni na miradi vimepita, na miteremko ingalipo. Kuibana nchi au kuiponya sasa kumo mikononi mwa mwenye shamba lililo juu ya chemchemi, na matokeo yake huonekana kwa jirani aliye chini yake anapofungua bomba.