Ndege ya Bwana Kraft Yaruka kwa Umeme

Mwaka 1967, mjini Ajaccio katika kisiwa cha Corsica, walikusanyika mafundi wa ndege ndogo wa nchi nyingi ili washindane mbele ya waamuzi. Ndani ya ndege zile hamkuwa na mtu. Bwana wa ndege alisimama chini na kisanduku mikononi, akaiamuru kwa mawimbi ya redio ipande, ijiviringishe, ichore kitanzi angani, kisha ipite mbele yake tumbo juu. Aliyetwaa ushindi wa dunia ni Phil Kraft, Mmarekani, ambaye vyombo vya redio vya kuendeshea ndege hizo ndivyo vilivyokuwa kazi yake. Ndege yake iliitwa Kwik-Fli, nayo ilikuwa ya tatu ya jina hilo.

Hata leo wako watu wanaotwaa mchoro wa ndege ile na kuiunda upya kwa mikono yao, ubao kwa ubao. Jambo moja tu wengi hulibadili: mahali pa injini ya mafuta hutia mota ya umeme. Nasi tulijaribu kazi hiyo, pamoja na kijana wetu, na twapenda kuwasimulia wasomaji wetu jinsi ilivyokwenda.

Ndege hii ina mabawa ya urefu wa mita moja na nusu hivi kutoka ncha hata ncha, na uzito wake hukaribia kilo 3. Bawa limeviringana sawasawa juu na chini. Kwa sababu hiyo huruka kichwa chini karibu vilevile kama inavyoruka wima. Mti wake ni balsa, mti mwepesi kupita kiasi, utokao hasa Ekuador. Hukatwa kwa kisu tu, lakini huvunjika upesi mkononi mwa mtu mwenye haraka.

Kwanza tulikata mbavu za bawa, zote kwa kipimo cha karatasi. Kisha tulizipanga juu ya ubao ulionyoka kabisa, tukazishikiza kwa pini, tukatia mihimili na gundi. Hapo ndipo tulipokosea. Tuliling'oa bawa ubaoni kabla gundi haijashika vema, na ncha moja ikapinda milimita 4. Tulijiambia kwamba milimita 4 si kitu, na kwamba karatasi ya nailoni ikivutwa juu yake kwa pasi italinyosha. Kijana alifumba jicho moja, akalitazama kwa upande, akasema: «Baba, bawa hili latazama kwingine.» Alisema kweli. Bawa lililopinda huiambia ndege igeuke hata pale bwana wake asipotaka, na mwendo ukizidi, kosa nalo huzidi. Tulilikata, na wiki mbili za kazi zikaenda motoni. Yule wa pili tulimwacha ubaoni usiku kucha.

Basi, tuje kwenye umeme. Kraft alitumia injini ya sentimita za ujazo 10, nzito puani mwa ndege, na nyuma yake tangi la mafuta. Mota ya umeme ni nyepesi kuliko injini ile, bali betri ni nzito kuliko tangi. Kwa hiyo uzito wote wahama, na ndege ambayo uzito wake umerudi nyuma haitawaliki. Sisi tuliunda sakafu ndefu ndani ya pua, betri ipate kusogezwa mbele au nyuma, na juu yake mlango wa kuitia na kuitoa. Mchoro wa kale hauna mlango huo. Tulitoboa pia tundu la hewa mbele na tundu kubwa zaidi nyuma, maana betri na kidhibiti cha mota huchemka visipopata upepo.

Hesabu yake si ngumu. Betri yetu ina seli 6 za volti 3,7, jumla 22,2. Mota ikivuta ampea 55, twapata wati 1200 hivi, yaani wati 400 kwa kila kilo, nguvu ya kutosha kupanda kitanzi bila kuchoka. Na kuna faida ambayo Kraft hakuwa nayo: tangi huwa jepesi kadiri mafuta yanavyokwisha, lakini betri hubaki na uzito uleule tangu kuruka hata kutua.

Betri za namna hii ni za lithiamu, na nyingi zina kobalti ndani yake. Zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka katika nchi yetu, Kolwezi na kandokando yake. Tulimwambia kijana jambo hilo. Akaigeuza betri mikononi muda mrefu, asiseme neno. Lakini yatupasa kuwaonya wazazi: betri hiyo ikitobolewa au kujazwa kupita volti 4,2 kwa seli yaweza kuwaka moto. Tuliijaza juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia, na mtu mmoja akakaa karibu mpaka mwisho.

Siku ya kuruka tuliipindua ndege tumbo juu, kwa kuwa bawa lake li chini, tukaiegemeza juu ya ncha za vidole viwili, kwenye theluthi ya kwanza ya upana wa bawa. Pua iliinama kidogo tu, ndivyo ipasavyo. Tulikuwa kwenye uwanda mtupu, mbali na nyumba na mbali na kiwanja cha ndege kubwa. Magurudumu yalikimbia mita 30, yakaacha ardhi. Iliegemea kushoto kidogo. Tuliisahihisha kwa kidole. Kitanzi cha kwanza kilikuwa kama yai, cha pili kikaviringana.

Betri yetu yaweza kutumika dakika 8 hivi. Tuliishusha ndege dakika ya 6. Kila seli ilikuwa na volti 3,7 na zaidi kidogo. Kijana alikwisha kunyosha mikono aombe kisanduku. Tulimwambia angoje, kwa maana skrubu moja ya mguu wa mbele ilikuwa imelegea.